Kuuza mashua ya tanga ya zamani, Lindi na Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye mashua ya mbao anayeona wakati wa kuiachia umefika. Pengine miguu haina nguvu tena ya kusukuma chombo mchangani, pengine watoto wako Dar es Salaam na hawana haja ya bahari, pengine mwenzake waliyeshirikiana ameaga dunia. Maswali yaliyomo ni yale yanayorudi kila mara pwani, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Msimbati. Yanahusu mashua na madau ya tanga, ya kuvulia au kubebea mizigo. Ngalawa na mtumbwi huuzwa kwa maneno machache zaidi, ingawa mengi ya hapa yatafaa huko pia.

Msimamo wangu niuseme mapema, maana utaonekana katika kila jibu. Mashua ya zamani huuzika vizuri pale mwenyewe anapoeleza yote anayoyajua juu yake, mazuri na mabaya, na anapomtafuta mtu atakayeendelea kuitia baharini. Chombo cha mbao kinachoachwa juu ya mchanga misimu miwili huharibika kuliko kinachofanya kazi kila wiki.

Mashua yangu imezeeka. Kweli kuna mtu ataitaka?

Yupo. Umri peke yake si kasoro. Mashua hutengenezwa kipande kwa kipande: mwaka huu mbao mbili za ubavuni, mwaka kesho taruma moja (mti uliopinda unaoshikilia mbao kwa ndani), baadaye usukani. Chombo kilichoshuliwa majini zamani sana kinaweza kuwa na mbao ambazo nyingi bado ni changa. Kinachokizeesha ni mkuku, yaani mti mkuu wa chini, na mataruma kuchoka kwa pamoja, kwa sababu hapo kutengeneza kunakaribia kuwa sawa na kujenga upya.

Wanunuzi ni wa aina kadhaa. Kuna mvuvi kijana aliyekuwa baharia kwenye chombo cha mtu na sasa anataka chake. Huyu ndiye mnunuzi bora wa mashua ya zamani, kwa kuwa anaijua bahari na hana fedha za chombo kipya. Kuna wabeba mizigo wa visiwani na vijiji visivyofikika vizuri kwa barabara, wanaopeleka unga, simenti na mabati na kurudi na nazi, kuni au samaki wakavu. Kuna wenye hoteli na watembeza wageni wa Mikindani na Kilwa Masoko, ambako watu huvuka kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Na kuna anayetaka mbao na misumari tu. Huyo wa mwisho mweke mwisho.

Msimu gani unafaa kuuza?

Hapa kuna mambo mawili, upepo na fedha, na kusini mwetu mara nyingine yanakutana.

Upande wa fedha, Lindi na Mtwara zinaishi kwa korosho na ufuta. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakishaingia kwa wakulima, pwani nayo hupata uhai, kwa sababu wavuvi wengi wana mashamba au ndugu wenye mashamba. Novemba na Desemba mtu anayeulizia chombo huwa anaulizia kwa kumaanisha. Ufuta huleta nafasi ya pili katikati ya mwaka, ndogo kidogo.

Upande wa upepo, kusi linavuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na likikaza bahari huwa nzito. Kaskazi inashika kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Kati yake kuna maleleji, upepo usiotulia upande mmoja, na bahari hulala. Mnunuzi asiye mzoefu akipelekwa kuijaribu mashua katikati ya kusi kali anaweza kuiogopa bure. Akipelekwa siku ya shwari hataijua kabisa. Siku ya upepo wa wastani ndiyo ya kuchagua.

Kwa hiyo, kama una hiari, itengeneze mwezi wa Septemba na Oktoba, itangaze Novemba. Kama huna hiari, uza leo. Usisubiri bei ya Desemba huku mashua inapasuka juani.

Nipange bei vipi?

Usianze na bei uliyoinunulia, wala na bei ya jirani. Anza na fundi. Muulize: mashua ya urefu huu na upana huu ikijengwa leo, mbao ni kiasi gani, mataruma ni kiasi gani, misumari, pamba ya kalafati (ya kuziba nafasi kati ya mbao), na ujira wake mpaka siku ya kushua? Jumla yake ndiyo dari, na hakuna mtu mwenye akili atakayelipa zaidi ya hapo kwa chombo kilichotumika. Kisha mpe fundi huyo huyo nafasi aikague yako na akuandikie kila kinachohitaji kazi, na gharama yake. Toa hiyo. Toa tena kiasi cha haki kwa ajili ya umri wa mkuku na mataruma. Unachobaki nacho kinaweza kutetewa mbele ya mnunuzi yeyote, na utakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Bei ya mashine, nyavu na nanga iwe kando. Wauzaji wengi huvichanganya na mwishowe wanaviuza kwa bei ya chakavu. Mashine yenye hali nzuri ina soko lake peke yake. Sema: mashua na mlingoti na tanga ni kiasi hiki, mashine ni kiasi hiki, anayetaka vyote tutazungumza.

Kuna kitu kimoja kisichoingia kwenye hesabu, nacho ni mapenzi. Mzee aliyewalisha na kuwasomesha watoto kwa chombo hicho huona thamani ambayo mgeni hawezi kuiona. Ni haki yake kuiona. Lakini aidai kwa njia nyingine: kwa kuchagua nani wa kumpa, hata kama aliyemchagua anatoa pungufu kidogo.

Niitengeneze kwanza ndipo niuze?

Tengeneza yale yanayoongezeka ubaya kila siku: kalafati iliyotoka, ubao mmoja uliooza, tanga lililochanika. Safisha ngama, yaani chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, toa mchanga na magamba ya samaki, acha ikauke mpaka harufu ipungue. Paka sifa mbao za juu, kwa sababu mafuta ya ini la papa huzuia mbao kupasuka, na kila mvuvi akiinusa atajua mashua haijatelekezwa.

Usipake rangi nzito mpya juu ya mbao za zamani wiki moja kabla ya kuuza. Mnunuzi anayejua akiona rangi mbichi anauliza inaficha nini, na ana haki. Vivyo hivyo usipake deheni mpya (mafuta na chokaa) chini kabla ya ukaguzi. Acha fundi wake aone mbao zilivyo, kisha pakeni pamoja mkishakubaliana.

Matengenezo makubwa, kama kubadili mkuku au nusu ya mataruma, mwachie mnunuzi na upunguze bei. Kila fundi ana mkono wake, na mwenye chombo mpya angependa kusimamia kazi kubwa mwenyewe. Mataruma mazuri hutoka kwenye miti yenye mpindo wa asili, hasa mlilana na mkomafi, ambayo ni mikoko, na kukata mikoko kunahitaji kibali. Fundi anayekuahidi mataruma kesho asubuhi bila kusema ameyapata wapi si wa kumwamini.

Mnunuzi anataka kuikagua. Nimwonyeshe nini?

Kila kitu, na umsaidie kukiona. Jibu hili ni refu kwa sababu ugomvi mwingi unaotokea baadaye huzaliwa hapa.

Ipandisheni pwani wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanapojaa juu kabisa na kupwa mbali. Pwani yetu tofauti ya maji ya bamvua hupita mita 3, kwa hiyo mashua itakaa pakavu saa za kutosha na watu wataweza kuzunguka chini yake bila haraka. Wakati wa maji mafu utapata muda mfupi na matope tu. Iegemezeni vizuri kwa magogo, kisha mgeuzie upande wa pili katika kupwa kwa baadaye.

Anzeni na mkuku. Uwe umenyooka kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Simama nyuma, funga jicho moja, utazame. Mkuku uliopinda unasema mashua ilipwelewa vibaya juu ya mwamba au ilibebeshwa kupita kiasi. Kisha ubao wa kwanza unaopakana na mkuku, pande zote mbili. Hapo ndipo maji ya ngama hulala na ndipo mbao huoza kutokea ndani. Chomeni kwa ncha ya kisu. Mbao nzima hukataa, mbao iliyooza hupokea kisu bila ubishi. Gongeni kwa mpini wa nyundo mkisikiliza: sauti kavu ni nzuri, sauti ya utupu ndani inaomba mchunguze zaidi.

Tafuteni vitundu. Kuna kiumbe wa baharini mwenye umbo la mnyoo, ingawa kwa ukoo ni jamaa wa chaza, anayeingia kwenye mbao kupitia tundu dogo lisilotisha, kisha hula kwa ndani na kujichimbia njia pana. Ubao unaweza kuonekana mzima nje na ndani ukawa njia tupu. Kukausha chombo na kukichoma kidogo chini kwa makuti kunamuua, ndiyo maana wazee walikuwa hawakosi kufanya hivyo kabla ya kupaka deheni. Mwambie mnunuzi mara ya mwisho uliichoma lini.

Misumari nayo iangaliwe. Msumari wa chuma ukiliwa na kutu hugeuza mbao inayouzunguka kuwa nyeusi na laini, hata ubao wenyewe ukiwa wa mvule. Michirizi michache ya kutu ni kawaida. Safu nzima ya madoa meusi kwenye taruma moja maana yake taruma hilo limeachana na ubao.

Ndani, angalieni pale guu la mlingoti linapokaa. Nguvu yote ya tanga inashukia hapo. Angalieni vyuma vinavyobeba usukani, na kana yenyewe, mpini wa kuugeuzia. Tandazeni tanga lote mchangani, mlitazame kwa mwanga. Kitambaa kilichoungua na jua hupasuka ukikivuta kwa vidole viwili. Foromali, mti unaobeba tanga, igongwe kama mbao, hasa pale henza, kamba ya kuipandishia, inapofungwa.

Mwisho, mweleze historia yake. Imejengwa wapi, na fundi gani? Iliwahi kuzama? Iliwahi kugonga mwamba? Ilikuwa wapi kimbunga Kenneth kilipopita kusini yetu Aprili 2019, na Hidaya alipokuja Mei 2024? Chombo kilichopigwa na dhoruba na kutengenezwa vizuri hakina aibu, ila mnunuzi asikie kwako kabla hajasikia kwa mtu mwingine gengeni.

Na majaribio ya baharini?

Nendeni wote: wewe, nahodha wako, mnunuzi na mtu wake mmoja. Angalieni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Muanze na ngama kavu. Mwende joshi, kuelekea upepo unakotoka, kwa muda wa kutosha mpaka upande wa demani, usiopigwa na upepo, ulale, kisha mpindue, foromali ipite mbele ya mlingoti, mwende upande wa pili. Mashua inayovuja huonyesha hapo, kwa sababu viungo vinavutwa. Mkirudi, fueni maji na muone ni makopo mangapi.

Mwachie mnunuzi kana. Usimsahihishe kila dakika. Anayekuja kuishi na chombo hiki anahitaji kukisikia mkononi mwake.

Karatasi gani zinahitajika?

Kwa Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo viko chini ya TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kama mashua imesajiliwa, mkauziane huku cheti kikiwa mezani, kisha mpeleke taarifa ya kubadili mmiliki. Kama ni ya kuvulia, kuna leseni ya halmashauri kupitia idara ya uvuvi. Mnunuzi akate leseni kwa jina lake. Asivue kwa leseni yako hata wiki moja. Ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani) ya kijiji unakoegesha, na ya kijiji mashua inakohamia, zipewe taarifa pia.

Halafu kuna hati ya mauziano. Iandikeni hata kama mnauziana na mtoto wa dada yako. Iwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya taifa, maelezo ya chombo (urefu, upana, namba ya usajili, rangi, jina), orodha ya vifaa vinavyoambatana, bei, namna ya kulipa, tarehe na saa ya makabidhiano, kasoro zilizoonekana kwenye ukaguzi, na saini za mashahidi wa pande zote. Wakili au serikali ya mtaa wagonge muhuri. Kila mmoja abaki na nakala.

Nawasihi sana wauzaji msiache jina lenu kwenye usajili kwa kuoneana haya. Mashua ikikamatwa na baruti, na magogo ya mikoko au na mizigo ya magendo, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina kwenye cheti. Urafiki hautakutoa hapo. Hati yenye tarehe na saa ndiyo itakayokutoa.

Mashua yangu haijawahi kusajiliwa. Nifanye nini?

Isajili kwanza, kisha uuze. Ni usumbufu, lakini bei inapanda na mnunuzi wa hoteli au wa mizigo hatakugusa bila hiyo. Anza kwa barua ya serikali ya kijiji au mtaa inayothibitisha kuwa chombo ni chako, pamoja na ushahidi wowote wa kununua au kujenga: stakabadhi za mbao, maelezo ya fundi, mashahidi.

Mashua ni ya marehemu baba. Ndugu tumekubaliana. Tunaweza kuuza?

Kukubaliana kwa mdomo hakutoshi. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi za hapa maombi hayo hupelekwa mahakama ya mwanzo: kikao cha ukoo kinampendekeza mtu, muhtasari unaandikwa, mahakama inatangaza na kumteua. Baada ya hapo yeye ndiye anayesaini hati, na fedha zinaingia kwenye mirathi ili zigawanywe kwa haki, wajane na mabinti wakiwemo. Mnunuzi akiuziwa na asiye na haki ya kuuza, anabaki na chombo kinachoweza kudaiwa na mrithi yeyote, na hasara inamrudia kila mtu.

Kama mashua ni ya ushirika, mathalani mmoja alitoa chombo na mwingine nyavu na mashine, andikeni kwanza nani anamiliki nini. Mgawo wa samaki mliozoea, sehemu ya chombo, sehemu ya nyavu na sehemu za mabaharia, si lazima uwe ndio mgawo wa umiliki. Watu huchanganya haya mawili na hapo undugu unavunjika.

Mnunuzi anaomba kulipa kidogo kidogo. Nimkubalie?

Kwa mvuvi kijana, mara nyingi hakuna njia nyingine, na mimi naona inafaa kumkubalia mtu unayemjua au aliyedhaminiwa na watu unaowajua. Ila masharti yaandikwe.

Kwanza, malipo ya awali yawe ya kuuma, angalau nusu. Pili, tarehe za awamu zifuate uvuvi wenyewe: msimfunge kulipa katikati ya kusi kali wakati hata mwenye chombo kikubwa anakaa nyumbani. Tatu, fedha zipite benki au kwenye simu ili kumbukumbu ibaki. Nne, na hili ndilo linalosahauliwa, amueni mashua ikizama au ikiungua kabla deni halijaisha, hasara ni ya nani. Kwa sheria ya mauziano ya bidhaa, hatari hufuata umiliki isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo mseme wazi umiliki unahama lini: siku ya kukabidhi au siku ya shilingi ya mwisho.

Kulipwa kwa samaki nakushauri ukatae. Bei ya samaki hubadilika kati ya asubuhi na adhuhuri, na kila siku mtakuwa na kesi mpya.

Niandike nini kwenye tangazo?

Andika kama unavyomweleza mtu aliyekuja barazani. Picha ziwe za mchana, mashua ikiwa pakavu: moja ya ubavu mzima, moja ya omo, moja ya tezi, mbili za ndani, moja ya kasoro kubwa kuliko zote. Hiyo ya mwisho itakupunguzia simu za watu wasio wako. Mfano:

*Mashua ya tanga inauzwa, Lindi mjini. Urefu mita 8, upana mita 2 na nusu. Mbao za mvule na mwembe, mataruma ya mlilana. Mkuku mzima. Mbao nne za upande wa kulia zimebadilishwa mwaka jana. Mlingoti mzuri, tanga lina viraka viwili, foromali inahitaji kubadilishwa. Imesajiliwa. Haina mashine. Inafanya kazi mpaka leo, ipo majini. Kuiona ni siku za bamvua. Bei inazungumzika kwa anayeitaka kwa kuvulia.*

Weka kwenye makundi ya WhatsApp ya wavuvi na wafanyabiashara wa samaki. Halafu nenda kwa miguu soko la samaki la Feri Mtwara, au pale wavuvi wanapoteremsha mzigo Lindi na Kivinje, uwaambie watu. Mashua nyingi bado huuzwa kwa mdomo.

Nitumie dalali?

Ukiwa mbali au huna nguvu, ndiyo. Kamisheni yake iandikwe, na mnunuzi alipe kwako moja kwa moja.

Nahodha na mabaharia wangu watakuwaje?

Waambie kabla ya kutangaza. Ni dhuluma mtu aliyekuendeshea chombo miaka mingi asikie sokoni kwamba kinauzwa. Muulize nahodha kwanza kama anakitaka yeye. Akiwa hana uwezo, mtaje kwa mnunuzi: "Huyu anaijua mashua hii, ukimchukua hutajuta." Mnunuzi mwenye busara humchukua walau msimu wa kwanza, kwa sababu nahodha anajua mambo ambayo hakuna hati itakayoyaeleza: inavyopenda mzigo ukae nyuma kidogo, inavyokataa kupindua upepo ukiwa hafifu, mwamba gani nje ya ghuba umewahi kuigusa. Malizeni na hesabu zao zote za nyuma. Deni la baharia lisihamishwe kwa mwenye chombo mpya.

Mnunuzi anataka kutoa tanga na kufunga mashine tu, au kuifanya pambo la hoteli. Nimkatalie?

Chombo ukishakiuza kimeuzwa. Huwezi kumwekea mtu masharti ya milele. Lakini kabla hujauza una hiari yote, na mimi ningeitumia.

Mashine ikiongezwa juu ya tanga si tatizo. Inamwokoa mtu shwari ikimkuta mbali. Kuondoa mlingoti kabisa ni jambo jingine. Mashua ya tanga imejengwa kwa nguvu za upepo, tezi yake haikukusudiwa kubeba uzito na mtetemo wa mashine kubwa, na fundi asipoimarisha hapo misumari italegea. Mweleze hivyo. Na mafuta yakipanda bei, mwenye tanga bado atatoka.

Kuhusu hoteli, inategemea. Inayowatoa wageni jioni kwenye ghuba ya Mikindani ikiendeshwa na nahodha wa pale pale, hiyo bado ni mashua inayofanya kazi, na inalipa mishahara. Inayokatwa katikati ili ishikilie chupa za vinywaji bustanini, ningemtafuta mtu mwingine hata kwa bei ndogo. Vijana wanaojua kujenga na kuendesha vyombo hivi wanajifunzia kwenye vyombo vinavyotoka baharini. Kila kimoja kinachobaki majini ni mahali ambapo kijana mmoja anaweza kuanza.

Mnunuzi anatoka Zanzibar au Msumbiji. Kuna tofauti?

Ipo. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini, kwa hiyo mashua itatoka kwenye usajili wa Bara na kuingia wa huko. Msumbiji ni nchi nyingine: kuna forodha na uhamiaji, na chombo kitahesabiwa kuwa kinauzwa nje. Vita vya jimbo lao la Cabo Delgado vilivyoanza 2017 viko jirani mno na mdomo wa Ruvuma, hivyo msivuke kienyeji kwa mazoea ya zamani. Malizeni karatasi Mtwara kabla tanga halijapandishwa, na muwajue watu mnaowauzia.

Jina la mashua linaweza kubadilishwa?

Linaweza. Wengi huliacha, kwa kuwa chombo kinajulikana kwa jina hilo bandari zote. Kama jina ni la mama yako au la mtoto aliyefariki na ungependa libaki kwenu, sema mapema. Mnunuzi atakuelewa. Dua ya kumkabidhi mwenye chombo mpya bado inasomwa sehemu nyingi, watu wakala na kumwombea heri. Ifanyeni, hata kwa sahani moja ya bokoboko.

Vifaa gani huenda na mashua?

Vile mlivyoandika. Kwa desturi mlingoti, foromali, tanga, henza na kamba zake, usukani na kana, nanga na amari (kamba yake), makasia au pondo, na kopo la kufulia maji huhesabiwa ni sehemu ya chombo. Nyavu, mashine, taa, dira, majaketi ya kujiokolea na masanduku ya barafu huzungumzwa. Dira ya zamani uliyopewa na baba yako ichukue kabla mnunuzi hajaja kukagua, isije ikawa ugomvi.

Mwezi mmoja baada ya kuuza, mnunuzi amerudi analalamika inavuja. Nawajibika?

Muulize kwanza ilikaa wapi. Mara nyingi ameipandisha pwani akaiacha juani wiki tatu akisubiri mashine au fedha za rangi. Mbao imekauka, imenywea, kalafati imeachia, na siku ya kuishua maji yameingia kila mahali. Hiyo haijaharibika. Iwekwe majini kwenye kina kifupi, ifungwe vizuri, iachwe inywe maji siku kadhaa huku ikifuliwa asubuhi na jioni. Mbao zitavimba na kujibana zenyewe. Sehemu itakayoendelea kuvuja baada ya hapo ndiyo ya kutiwa kalafati.

Kama inavuja mahali ulipopajua na hukumwambia, hiyo ni kasoro uliyoificha, na ni haki yake kudai. Lipia fundi, mmalize. Kama ni mahali palipoandikwa kwenye hati ya ukaguzi, msomee hati kwa upole, kisha nenda naye pwani mkapaangalie pamoja. Wewe ndiye unayemjua fundi anayeielewa hiyo mashua, kwa hiyo mpe namba yake.